Nafasi ya Mkaguzi

2 Februari

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima kuanzia utosini hadi unyayoni, ila pua imeungua na jua. Nyumba niliyopewa na ofisi ina vyumba viwili na mlango mmoja na nusu. Ule wa nyuma hufunga siku ukijisikia. Mama ameniandikia kwamba Baba amepata meno ya bandia na anayavaa wageni wakija tu. Mwambie kaka yako meno si makochi ya sebuleni.

Sasa kazi. Nilipofuzu udaktari wa mifugo ulinicheka ukasema nitaishia kupaka kuku mafuta. Kuku wangekuwa nafuu. Nimeletwa mji huu kuchanja mbwa dhidi ya kichaa, maana mwaka jana kilipita hapa na mwalimu mmoja akang'atwa barazani kwake akisahihisha mitihani. Alipona kwa sindano nyingi na bado anaongea na mbwa kwa mbali.

Siku ya kwanza nilipanga meza yangu kwenye uwanja wa mpira: boksi la barafu lenye dawa, sindano, na kopo la rangi nyekundu ya kuwatia alama waliochanjwa. Mpaka saa sita nilikuwa nimepata mbwa sita. Niliongezewa mbuzi mmoja, na bibi mmoja akaleta paka kwenye kikapu akisema mradi naye ana mkia. Mchana nikazunguka nyumba kwa nyumba. Kila mlango jibu ni hilo hilo: hatuna mbwa. Kwa kinyozi wa karibu na soko, mke wake alikuwa anaapa hajawahi kufuga hata panya, mara kabati likabweka. Akakohoa, akasema ni redio.

Ningecheka kama si mkurugenzi wa mji. Ameniambia wazi kwamba ikifika mwisho wa Aprili na mbwa walio wengi hawajachanjwa, atatoa watu wa bunduki wammalize kila asiye na rangi. Anasema hana ugomvi na mbwa, ana ugomvi na kichaa. Mimi sikusoma miaka yote ile nije kuwafyekea njia watu wa bunduki, Shangazi. Nimeanza kukosa usingizi.

Mkaguzi hajambo? Bado ananusa mkoba wa kila mteja anayeingia dukani? Na je, umeshampeleka kuchanjwa huko?

Mwanao,
Daktari wa Makabati


17 Februari

Mwanangu Daktari,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikimsomea mama yako, tukacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Kaka yangu ameyavaa meno Jumapili nzima, kisha akayasahau kwenye glasi ya mgeni. Wifi yangu hamsemeshi tangu siku hiyo. Mimi nimepata kazi ya magodoro ya bweni la wauguzi, na pamba imenijaa mpaka kwenye nyusi. Nikipiga chafya duka zima linageuka wingu.

Mkaguzi yupo. Amejipa godoro la mfano, lile la mlangoni, analala hapo chali miguu juu. Wateja wanamtazama wanasema kama mbwa analala hivi, basi godoro hili si la mchezo. Wiki hii ameniuzia mawili.

Ama kuhusu shida yako, usinikasirikie, lakini mtu haweki mbwa kabatini kwa ujinga. Jaribu wewe kumweka mbwa kabatini uone shughuli yake. Watu hao wana jambo, na hawakuambii kwa sababu wewe ndiye mwenye sindano. Usiwahubirie habari za kichaa, wanakijua kuliko wewe. Nina swali moja tu: mbwa wa wakubwa wenu, huyo mkurugenzi na wenzake, wamechanjwa wapi?

Kula vizuri. Paka pua yako mafuta ya nazi.

Shangazi yako


6 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imekaa wiki nzima kwa kondakta wa basi, nadhani aliikalia, maana imefika na mkunjo wa makalio. Afya ni njema na pua imebabuka ikatoka mpya.

Nimepiga hatua, sema ni za kurudi nyuma. Ofisi ilinipa gari lenye kipaza sauti, tukazunguka mitaa yote tukitangaza kwamba asiyeleta mbwa wake atashtakiwa. Kesho yake mji ulikuwa kimya kama msiba. Mbwa wote walihamishiwa ng'ambo ya mto, kwenye mashamba ya ndugu, wengine walipandishwa mkokoteni wamefunikwa turubai. Nilimwona mmoja ametoa pua nje akipunga upepo.

Nilikwenda kunyoa kwa kinyozi yule yule wa kabati. Akaniambia, "Daktari, dawa yako nzuri. Hatuna neno na dawa." Nikamuuliza, sasa mna neno na nini? Akaendelea kunyoa, akanikwaruza nyuma ya sikio. Sikuuliza tena.

Kuhusu wakubwa uliowauliza, wako salama, wanaendelea na majukumu yao. Na wewe usinipige chenga: nilikuuliza kama Mkaguzi amechanjwa, ukanijibu habari za godoro.

Mwanao


14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima.

Kumbe umekuwa mtu wa ofisi kweli. Nakuuliza mbwa wa wakubwa wamechanjwa wapi, unaniletea salamu zao. Haya, mmoja wetu aanze, na mimi ndiye mkubwa.

Unamkumbuka Bibi Harusi? Yule mweusi mwenye kifua cheupe, niliyekuwa naye kabla ya Mkaguzi. Wewe ulikuwa shule ya bweni, ukaambiwa amekufa kwa uzee. Mimi ndiye niliyetaka uambiwe hivyo.

Watu wa ofisi walikuja mtaani na sindano na kopo la rangi, kama wewe. Asubuhi yote walikuwa nyumba za maofisa, wakipewa chai. Huko mbwa walipakwa rangi hata wale ambao hawakuchomwa, kwa vile wenyewe hawakutaka waumizwe. Walipofika kwetu jua lilikuwa kali, dawa ipo, rangi imeisha. Bibi Harusi akachomwa mbele ya macho yangu, hakupakwa kitu. Nikauliza, sasa alama? Kijana mmoja mpole, alikuwa amempa kipande cha mkate, akaniambia, "Mama, usiwe na wasiwasi, tutarudi kesho na rangi."

Kesho yake wakaja wa bunduki. Alikuwa amekaa mlangoni pangu. Alipoona sare zile zile alisimama akawatingishia mkia, akidhani wameleta mkate.

Nililia mpaka mama yako akahamia kwangu siku tatu, na unajua mimi na wifi yangu hatuwezi kukaa jiko moja. Mbwa wa maofisa waliendelea kuzurura na rangi yao. Tangu hapo ofisi ya hapa imekuja kwangu mara mbili, na mara mbili nimewaambia sina mbwa, naye Mkaguzi amelala chali nyuma yangu, miguu juu. Kwa hiyo hajachanjwa. Hilo ndilo jibu lako, sasa nataka langu.

Shangazi yako


3 Aprili

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na aibu, baadaye nikawa na kazi. Pole kwa Bibi Harusi. Nilimpenda yule mbwa, na nimemlilia upya kama ametoka kufa juzi.

Jibu lako hili hapa. Kabla sijapanga meza uwanjani siku ile ya kwanza, niliambiwa nipite nyumba za wakubwa. Nikapita. Nilichanja mbwa wanne sebuleni, nikapewa chai na keki, na mji mzima uliona gari la ofisi limepaki nje. Niliona ni adabu tu. Hata kinyozi alikuwa anajua nimekula keki ya rangi gani.

Alibaki mmoja, kijibwa cha mkurugenzi chenye manyoya machoni, kilijificha chini ya kitanda tukashindwa kukitoa. Baada ya barua yako nikapiga moyo konde nikaenda ofisini kwake. Nikasema, "Mheshimiwa, naomba yule mdogo aje uwanjani."

"Aje kufanya nini?"

"Kupanga foleni."

Alicheka mpaka akavua miwani. "Mimi nisimame na mbwa nyuma ya muuza mkaa?"

"Ukiwahi utakuwa mbele yake."

Hapo kicheko kikakatika, nikajua nimeshafungasha mizigo. Aliyeniokoa ni mke wake, alikuwa amemletea chakula. Akasema, "Mbwa mwenyewe amekushinda kumtoa chini ya kitanda. Huenda akiona wenzake akatulia. Na wewe utapata hewa."

Jumamosi alikuja, kamba mkononi, na hakuwahi. Akasimama nyuma ya muuza mkaa. Simu yake ikalia, akataka kutoka pembeni aongee, fundi saa aliyekuwa nyuma yake akamwambia, "Mzee, ukitoka umepoteza nafasi." Mkurugenzi akabaki, akaongea na mkubwa wake huku kijibwa kimemzungushia kamba miguuni. Zamu yao ilipofika nikawaambia watu waliokuwepo kwamba nilichanja wanne majumbani, nilikosea, na haitatokea tena. Nikakichoma kijibwa kikapiga kelele za kumtoa mtu machozi. Kisha, hili nimelipata kwako, brashi ya rangi nikampa mwenyewe mkurugenzi. Sasa kila mtu anampaka mbwa wake kwa mkono wake, papo hapo, na kopo liko mezani linaonekana.

Saa tisa kinyozi akatokea na mbwa wa kabati. Ni mkubwa kama ndama na ananuka dawa ya nondo. Tangu siku hiyo, Shangazi, wanaletwa kutoka ng'ambo ya mto kwa mikokoteni. Sasa wasiwasi wangu ni dawa kutotosha.

Mpeleke Mkaguzi kwenye ofisi ya huko, nakuomba. Watu wamebadilika.

Mwanao


12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Kaka yangu ameuma nyama kwa meno mapya na sasa hashikiki.

Keki ilikuwa ya rangi gani?

Ofisi ya huku siendi. Watu wamebadilika kwenu, huku bado sijaona. Nina safari ndogo ya kufuata pamba, kwa hiyo usishangae nikichelewa kuandika.

Shangazi


28 Aprili

Shangazi,

Shikamoo, na pamba yako umeipata?

Umeondoka bila kunywa hata maji, na mimi nimeachwa na maneno kooni, itabidi niyaandike yote. Jumamosi ile mstari ulikuwa umezunguka uwanja mpaka nyuma ya goli. Nikainua kichwa kutafuta pamba ya kufutia, nikaona karibu na mwisho kitambaa cha njano ninachokijua tangu nabebwa mgongoni, na chini yake mbwa anayepekua mikoba ya watu. Umepanda basi na mbwa safari nzima hiyo! Nikajifanya nanyoosha miguu, nikafika kwako, nikanong'ona, "Shangazi, njoo huku mbele." Na wewe, mbele ya umma, ukanitazama kwa macho makavu: "Samahani, Daktari, tunafahamiana?"

Nilirudi mezani masikio yanawaka. Nikachoma mbwa mpaka mkono ukafa ganzi, na kila nikifungua boksi nahesabu moyoni. Uliijua hiyo hesabu, nilikuona unaifuata kwa macho. Dawa ya mwisho ilimwangukia mbwa wa mke wa fundi saa, aliyekuwa mbele yako pale pale. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikapanda kwenye kiti nikasema dawa imeisha, nyingine inakuja mwezi ujao. Mkurugenzi alikuwepo, naye akasema bunduki hazitatoka kabatini mpaka wote waliobaki wachanjwe. Hapo ndipo uwanja ulipoanza kunguruma. Yule muuza viatu nyuma yako akapaza sauti, "Maneno hayo. Ndugu zako wameshachomwa wote, sisi tungoje risasi." Na wengine wakaitikia. Niliona kazi yote ya miezi mitatu inaondoka pale pale.

Ukageuka ukamwambia, nami nayakumbuka neno kwa neno, "Baba, ndugu yake ni mimi. Mimi ni shangazi yake, baba yake nimemfuata ziwa. Na mbwa wangu huyu hapa, hajachomwa, hana rangi hata kwenye kucha. Mwangalie."

Wakamwangalia kweli. Muuza viatu aliinama akampekua mgongo, na Mkaguzi naye akampekua mfuko. Mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, wakaanza kwenda nyumbani na mbwa wao wasio na rangi, taratibu, hakuna aliyekimbilia mto. Nilipotupa macho tena, umeshapanda basi.

Kwa nini hukungoja?

Mwanao


9 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sikungoja kwa sababu ningelia, na mimi silii mbele ya wauza viatu.

Uliposimama kwenye kiti ukasema imeisha, nyingine inakuja, niliikaza kamba ya Mkaguzi mkononi. Ni maneno yale yale ya yule kijana wa mkate. Nilikuwa radhi nikuzomee mimi wa kwanza, damu yangu wewe. Lakini nilikuwa nimesimama pale tangu asubuhi nakuangalia. Nilimwona mke wa mkurugenzi amekuja kuleta mbwa wa dada yake, akaenda nyuma bila kuambiwa. Nilimwona muuza mkaa anampaka rangi mbwa wake wa pili, ulimi nje kama mtoto anayechora. Na mimi nilikuwa nyuma kwa sababu basi lilichelewa, hakuna mtu aliyenirudisha nyuma. Kukosa kwa namna ile kunauma kidogo tu. Nililala usingizi ndani ya basi.

Sasa nangoja. Sikuamini ofisi, nimekuamini wewe na yule mzee wa simu. Bunduki zikitoka, Daktari, usinitafute tena kwa kalamu.

Mama yako anauliza kama umepata mchumba. Nimemwambia una mbwa.

Shangazi yako


31 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Bunduki hazikutoka. Nimeanza na hilo ili upumue.

Dawa imefika, ila nimeshindwa kuanza kazi kwa wakati na kosa ni lako. Watu walikuja wakajipanga wenyewe kama walivyoachana siku ile, kila mtu anamjua aliyekuwa mbele yake. Nikaita wa kwanza. Hakuna aliyesogea. Muuza viatu amesimama hatua moja nyuma, mbele yake pako wazi. Nikamwambia, karibu.

"Mimi ni wa pili," akasema. "Wa kwanza ni yule mama wa kitambaa cha njano."

Nikamweleza kwamba yule mama yuko mbali, hajaja, na huenda asije. Akanijibu kwamba hilo halimhusu, zamu ni zamu. Mstari mzima ukamuunga mkono, na kinyozi, ambaye mbwa wake ana rangi tayari na alikuja kutazama tu, akapendekeza nitoe dawa moja niitenge mbele yao. Nikaitenga. Ndipo muuza viatu akasogea.

Kichupa chako kiko kwenye jokofu la ofisi, rafu ya juu. Muuza viatu hupita kila asubuhi akifungua duka, anachungulia kama bado kipo. Jana mkurugenzi alitaka kuweka soda yake hapo akakatazwa na mfagizi.

Mji wote una rangi, Shangazi. Amebaki mmoja.

Mwanao


8 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nakuja na basi la Ijumaa, mimi na Mkaguzi. Kaka yangu anataka kunisindikiza akaonyeshe meno, nimemkatalia.

Usinipitishe ofisini na usije nyumbani kwako na sindano mfukoni. Panga meza uwanjani kama kawaida. Nitasimama mstarini hata nikiwa peke yangu, na muuza viatu aje aone.

Brashi nitashika mwenyewe. Nitampaka kifuani, pale Bibi Harusi alipokuwa na weupe.

Shangazi yako